Mshale Ulioangalia Kibla

Watu wakisikia kwamba niliwahi kusoma mita za stima Isiolo, huniuliza kama mbwa hawakuniuma. Waliniuma, mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu. Lakini mbwa si habari. Habari ni kwamba katika miaka ile, mwishoni mwa sabini na mwanzoni mwa themanini, kulikuwa na mita moja mtaa wa Kiwanjani niliyoisoma zaidi ya miaka mitatu bila kuiona hata siku moja. Niliisoma kwa masikio.

Nilipelekwa kule nikiwa kijana, nikitokea Taita, na sanduku la mbao na kiburi cha mtu aliyepita mtihani wa hesabu. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja, stoo ya nyaya, na nyuma ya stoo chumba changu cha kulala. Wafanyakazi tulikuwa wawili: mimi na mlinzi, Mturkana mmoja mtaratibu aliyeona kwamba maneno ni kitu cha kutunza. Upepo wa Isiolo ulianza saa nne asubuhi na kuingiza vumbi hata ndani ya kikombe kilichofunikwa. Jioni nilikula chapati na maharagwe kwenye hoteli ya karibu, nikarudi, nikalala. Barua ya nyumbani ilichukua wiki mbili kufika, na nyingi zilikuwa za kuniuliza nitaoa lini.

Nilikuwa mpweke. Nalisema sasa bila haya. Wakati ule mtu akiniuliza nilimjibu kwamba kazi ni nyingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba zenye stima zilikuwa chache, na kila mwezi nilizizungukia na kitabu changu. Mita za siku hizo hazikuandika namba waziwazi. Kila mita ilikuwa na nyuso nne ndogo za duara, kila uso na mshale wake na namba kutoka sifuri hadi tisa. Tena, kana kwamba aliyezibuni alikuwa na kisa na sisi, mshale wa uso mmoja ulizunguka kama saa, na ule wa jirani yake ukazunguka kinyume. Nikimaliza mzunguko nilirudi ofisini, nikawasha redio kol, ile ya kubonyeza kitufe na kumalizia kila sentensi na “ova”, na kuzisoma namba moja moja kwa karani wa ofisi kubwa huko juu milimani. Namba zetu zilisafiri hewani bila waya, jambo lililonifanya nijione mtu wa maana sana. Yule karani hakuwahi kunisalimu. Alisema “Endelea,” au alisema “Rudia.” Ziko siku ambazo hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa na binadamu tangu asubuhi.

Sasa ile nyumba ya Kiwanjani. Ilikuwa ya familia ya Kisomali, wale ambao babu zao waliletwa wakiwa askari wa Mwingereza na wakabaki wakafanya biashara. Mwenye nyumba alikuwa na lori. Lilipinduka katika njia ya Sericho likiwa limebeba magunia, naye akafariki palepale. Mimi sikuwa na habari. Nilifika na kitabu changu, nikabisha hodi, akatoka mama mzee mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu.

“Huwezi kuingia,” akasema. “Mke wa ndugu yangu ako eda.”

Nilijua kidogo kuhusu eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, wala haonekani na mwanamume ambaye si ndugu yake wa karibu. Na mita ilikuwa ndani, kwenye chumba cha mbele alikokaa. Nikamwomba mama mzee anisomee. Akacheka, akayagusa macho yake. Nilikuwa nageuka kwenda zangu niliposikia sauti kutoka nyuma ya mlango.

“Mtu wa stima, mimi naona. Lakini hizo namba za kizungu sizijui. Nimesoma chuoni, cha Kurani, najua za Kiarabu.”

Hapo ndipo nilipopata ile akili ambayo nilijisifia miaka mitatu. Nikamwambia: Mama, usijali namba. Niambie tu kila mshale unaangalia wapi. Kushoto na kulia kulituchanganya mara moja, kwa sababu kila mmoja wetu alifikiria mikono yake. Basi yeye mwenyewe akasema, “Wa kwanza unaangalia kibla.”

Isiolo kibla iko kaskazini, upande wa barabara ya Marsabit. Mita, nilivyouliza, ilikuwa kwenye ukuta wa mashariki. Kwa hiyo anayeitazama, kibla iko kushoto kwake. Nikachora duara nne kitabuni. Tukakubaliana maneno manne: juu, chini, kibla, na mgongo, yaani upande unaopewa mgongo na anayesali. “Wa pili, kibla, lakini umeinuka juu kidogo. Wa tatu, chini kabisa. Wa nne, katikati ya mgongo na juu.” Mimi nikachora mishale, nikaitafsiri kuwa namba, nikaenda kuitamka redioni. Karani akasema “Endelea.” Hakujua kitu.

Mwezi uliofuata tulifanya vilevile, na uliofuata pia. Eda ikaisha. Siku niliyojua imeisha nilioga vizuri na kupiga viatu rangi, halafu nikasimama mlangoni nikiwa sijui ninataka nini. Sauti ikauliza kutoka ndani:

“Leo utaingia usome, ama utaandika?”

“Nitaandika, Mama,” nikasema.

“Haya. Wa kwanza, mgongo.”

Sijui ni kwa nini nilijibu hivyo. Au najua. Katika nyumba nyingine zote niliingia, nikatazama, nikaandika, nikatoka, na watu hawakukatiza hata mazungumzo yao. Kwa yule mama tu ndipo nilipohitaji kuambiwa kitu na mtu. Ningeingia, ningeona mita, na yeye angekuwa na haja gani ya kusema nami?

Yeye alikuwa mshonaji. Nilisikia cherehani ikinguruma nikiwa bado njiani, kisha ikanyamaza nikibisha hodi. Haikuwa ya miguu. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu utotoni, hakuweza kukanyaga pedali, na marehemu alikuwa amemnunulia cherehani yenye mota ya stima. Wifi yake ndiye aliyenieleza hayo. Alishona sare za shule, kanzu, na mashela ya maharusi. Stima kwa wengine ilikuwa taa na redio. Kwake ilikuwa ule mguu aliokosa. Hilo nililijua vizuri sana, msomaji, na ninaomba ulikumbuke kwa sababu mimi nililisahau.

Tulipomaliza mishale tulizungumza. Dakika kumi, wakati mwingine ishirini, mimi nimeegemea ukuta kwa nje na yeye ndani. “Kwenu kumenyesha?” “Bado, Mama.” “Mama yako ameandika?” “Ameandika.” “Amesema uoe?” “Amesema.” Na hapo alicheka. Kamba ya mkoba wangu ilipokatika aliniambia niupitishe dirishani, akaushona tukiendelea kuongea. Aliniita Stima, kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi. Sikujua kama ana miaka thelathini au sitini. Mwezi una siku thelathini, na mimi nilikuwa nikiishi moja.

Mwaka wa nne mvua za masika zilipasua ukuta wa mashariki wa nyumba ile. Mimi nilikuwa likizo Taita. Mafundi wetu walishuka kutoka ofisi kubwa, wakaitoa mita na kuihamishia ukuta wa pili, ulio mkavu. Niliporudi nilikuta karatasi mezani: mita imehamishwa, namba yake ni ileile. Niliisoma. Nikaiweka kwenye faili, nikasema moyoni, ukuta ni ukuta.

“Wamehamisha hii kitu yenu,” mama akaniambia mwezi huo.

“Nimeona karatasi, Mama. Haina neno.”

“Haya. Wa kwanza, mgongo, umeshuka kidogo.”

Nilichora kama siku zote. Kisha nikalinganisha na mwezi uliopita. Mita ilikuwa imerudi nyuma. Sio kidogo, zaidi ya elfu moja. Mita hairudi nyuma. Mita ni kama umri. Nikamwomba arudie, akarudia, maneno yaleyale.

“Una hakika, Mama?”

“Stima, mimi nimekudanganya lini?”

Nikaondoka. Njia nzima nilitafuta sababu. Mwisho nikaandika makadirio, yaani kiasi alichozoea kutumia, na kukitamka redioni kana kwamba nimekisoma. Nilijiambia ninamsaidia. Ukweli ni kwamba niliogopa kujua.

Mwezi uliofuata ikarudi nyuma tena. Na katika siku hizo maneno yalikuwa mengi redioni kuhusu watu wa miji mingine waliojifunza kuipindua mita, juu ikawa chini, ili izunguke kinyume na kujifuta yenyewe. Nikajua, au nikadhani nimejua: wale mafundi wamelishwa kitu, na mama huyu anaipindua mita yangu, kisha ananisomea mishale kwa sauti tamu na kuniuliza kama kwetu kumenyesha. Kikulacho ki nguoni mwako. Hasira niliyopata haikuwa ya kampuni. Kampuni haikuwa na ukuta niliouegemea. Niliona kwamba miaka mitatu yote nilikuwa nikichekwa na mtu mmoja tu niliyemwamini, na jambo hilo liliniuma kuliko mbwa wote wawili.

Ningeweza kubisha hodi na kusema, Mama, leo niruhusu niingie nione. Maneno hayo ni matano. Niliona ni aibu kwangu kuyasema.

Siku hiyo sikubaki kuongea. Aliniuliza kama ninaumwa, nikasema nina haraka. Nikaenda moja kwa moja redioni, nikasoma namba zake kama zilivyo, kwa sauti baridi, pamoja na zile za mwezi uliotangulia nilizozificha.

“Rudia,” karani akasema.

Nikarudia.

Akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake: “Kata hapo, ungoje mkaguzi, ova.”

Kukata kulikuwa rahisi. Sikuhitaji kuingia kwa mtu. Nilichukua ngazi na glavu, nikapanda mlingoti ulio nje ya ua wake na kuchomoa fyuzi. Cherehani ilikuwa ikinguruma. Ikakatika katikati ya mshono.

“Stima?” akaita. Alikuwa ameijua ngazi yangu, ilikuwa na kidato kimoja kilicholia. “Stima, imepotea. Umekuja kutengeneza?”

Nilikuwa juu, fyuzi mkononi. Sikujibu.

“Stima, ni wewe?”

Nikashuka taratibu, kana kwamba kushuka polepole kungenifanya nisiwepo.

“Stima!”

Niliibeba ngazi begani nikaenda zangu.

Siku tatu baadaye wifi yake alikuja ofisini, ameshikwa mkono na jirani kwa sababu ya macho. Akasema shule zinafunguliwa na sare hazijaisha. Nikamwambia, “Ngojeni mkaguzi.” Akauliza tumefanya nini. Nikamwambia, “Ngojeni mkaguzi.” Nilisema kama karani wa redio, maneno machache, na nilijiona nina haki. Wiki iliyofuata nilipita sokoni na kuona vitambaa vya rangi ya sare kwenye meza ya fundi mwingine, rundo zima, na nikajua vimetoka wapi. Nilipita haraka.

Mkaguzi alifika baada ya karibu mwezi mzima kwa Landrova. Alikuwa mzee wa Kimeru mwenye koti zito hata kwenye joto lile, na mcheshi. Yeye hakuwa na habari za hodi za nje. Alimwomba wifi ruhusa kwa adabu, akavua viatu, akaingia, nami nikamfuata. Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumba ile mara ya kwanza.

Mita ilikuwa imesimama wima, zile lakiri za kampuni za kuifunga zikiwa nzima, vumbi la wiki nyingi juu yake. Hakuna mkono uliokuwa umeigusa. Mkaguzi akaisoma kwa sauti, na namba aliyosoma ilikuwa juu ya ile ya zamani, mahali hasa ilipopaswa kuwa.

“Kijana, hii haina kosa,” akasema. “Wewe ulisoma nini?”

Nilikuwa nimesimama mbele ya mita, na niliona msala wa kusalia umetandikwa sakafuni. Umeelekea kulia kwangu. Kulia. Ukuta wa pili ulikuwa wa magharibi. Mama alikuwa ameniambia kweli tupu kila mwezi: mshale unaangalia kibla. Lakini kibla ilikuwa imehamia kulia, na mimi kitabuni niliendelea kuichora kushoto. Nane yangu ilikuwa mbili, mbili ilikuwa nane. Kadiri alivyotumia stima na namba zikapanda, kwangu zilishuka kwa kiasi kilekile. Ningetulia nikatoa hesabu ningeona kwamba mita “iliyorudi nyuma” mara ile ya pili ilirudi kwa kipimo kilekile alichozoea kutumia kwa mwezi. Mimi, niliyepita mtihani wa hesabu.

Nilimweleza mkaguzi. Akacheka mpaka akashika ukuta. “Sasa wewe, Mkristo, umeshindwa kupata kibla!” akasema, akaniamuru nirudishe fyuzi, akatoka kwenda kwenye gari lake. Kwake kisa kilikuwa kimekwisha, na tena kizuri cha kusimulia njiani.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye pembe, nyuma ya cherehani, kichwa kimefunikwa shela jeusi, uso wazi. Alikuwa na umri wa dada yangu mkubwa. Nilikuwa nimemfikiria kwa nyuso nyingi miaka hiyo na hakufanana na hata mmoja. Nikaanza kusema pole. Nikamweleza ukuta, kushoto na kulia, mishale, karatasi niliyoiweka kwenye faili. Nilieleza vizuri mno, kama mtu anayejitetea.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Hiyo ya mita naelewa,” akasema. “Mimi sikujua, na wewe hukujua. Mungu anasamehe. Lakini siku ile ulikuwa juu ya mlingoti, nilikuita.”

“Ndiyo, Mama.”

“Mara ngapi?”

“Mara tatu.”

“Basi ulisikia.”

Ukuta haukuwa umehama siku ile, wala kibla. Nilisikia na nikanyamaza, na nilitaka aumie kama nilivyoumia. Nilisema tu, “Nilisikia.”

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira, akaokota kitambaa kilichokuwa mapajani mwake na kuanza kukikagua mshono. Nikatoka, nikapanda mlingoti, nikarudisha fyuzi. Nilikaa pale juu kidogo nikingoja kusikia cherehani. Haikulia mpaka niliposhuka na kuondoka.

Mwezi uliofuata nilifika na kitabu changu. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani ya kitu cha kusema baada ya mshale wa nne. Nikaegemea ukuta mahali pangu, nikabisha hodi. Cherehani ikanyamaza. Nikachora duara nne, nikangoja.

Mlango ukafunguliwa wote. Wifi akasogea kando kunipisha.

“Amesema uingie usome mwenyewe,” akasema. “Usije ukakosea tena.”

Nikavua viatu nikaingia. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu. Cherehani ilikuwa imehamishiwa nyuma ya pazia, na miguu ya kiti ilionekana chini yake, na pindo la nguo, limetulia. Nikasimama mbele ya mita, nikatazama mshale wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilichukua muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nikasema, “Asante, Mama,” kuelekea pazia, na wifi ndiye aliyenijibu karibu.

Nilisoma mita ile kwa macho yangu miaka miwili mingine, mpaka nikahamishwa, na sikukosea namba hata moja.